Mpwa wangu anataka kuwa mwanahistoria wa jinsia. Wakuu, hii kazi ina maisha?

Mkorosho Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini ila kwetu ni huko juu Tandahimba.

Nina mpwa wangu wa kike, mtoto wa dada yangu mkubwa ambaye ni marehemu. Wamakonde wenzangu wanajua, mtoto wa dada ni wako hata kama baba yake yupo hai na ana hela. Nimemsomesha kwa korosho tangu kidato cha kwanza. Akapita HGL (historia, jiografia na Kiingereza), akaenda chuo kikuu akasoma historia, akatoka na GPA ya 3.9. Mimi nikasema alhamdulillah, mwalimu kapatikana, na mimi sasa nipumzike.

Mwezi uliopita karudi nyumbani. Usiku tunakula, ananiambia: "Mjomba, nataka nisome shahada ya pili, halafu ya tatu, niwe mwanahistoria wa jinsia."

Nikamuuliza jinsia tena imefikaje? Historia si ndiyo ile ya Wareno, Wajerumani, Majimaji, TANU? Akacheka. Akasema: "Haya mjomba, humo mote ulimotaja, bibi yuko wapi?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia anawe mikono.

Sasa wiki ya tatu hii yuko kijijini kwa mama yangu, ambaye kapita themanini na tano, na simu ya kurekodi. Anamuuliza kila kitu. Maji mlichota wapi, kodi alilipa nani, mlihamishwa lini. Juzi nilikuwepo. Akamuuliza: "Bibi, ile mikorosho ya kule bondeni alipanda nani?" Mama hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi.

Sikulala vizuri.

Naomba wajuzi mnisaidie. Kwanza, hii kazi ina mshahara au ni njaa yenye shahada? Pili, ni elimu kweli au ni kuchokonoa familia za watu?

Kangomba Mstaafu

Mkuu miaka yote hiyo ya kusoma ili aje atuambie bibi alikuwa anatwanga? Hilo hata mimi nalijua bure. Mpeleke VETA akasome umeme, mitambo ya gesi ipo Madimba.

Ligula B

Hizo ni ajenda za wazungu. Jinsia jinsia, mwisho wa siku wanataka mabinti wasiolewe. Nimekaa hapa nasubiri atakayebisha.

Chaki na Vumbi

Nabisha mimi mkuu Ligula, ila ngoja nianze na mleta uzi maana yeye kauliza la maana.

Ninafundisha historia chuo kikuu, mwaka wa kumi na moja huu. Si jinsia hasa, lakini ofisi ya jirani yangu ni dada anayefanya hiyo kazi, na maisha yake nayaona.

Mshahara upo. Si wa kutisha ila upo, ukishaingia. Shida ni mlango. Vyuo vya umma vinataka GPA isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza, kwa hiyo mpwa wako kapita kwa tundu la sindano. Shahada ya pili nayo ina kipimo chake, kigumu zaidi. Akipata, anaanza chini, anapanda kuwa mhadhiri msaidizi, akimaliza shahada ya tatu ndipo anaitwa mhadhiri, halafu mwandamizi, halafu profesa mshiriki, halafu profesa kamili. Hupandi kwa sababu umezeeka au unafundisha vizuri. Unapanda kwa maandishi: makala kwenye majarida yanayotambulika, sura za vitabu, kitabu. Wako watu wamefundisha miaka ishirini wanapendwa na wanafunzi na bado ni wahadhiri watupu.

Na usidhani atafundisha jinsia kutwa. Atapewa historia ya Afrika ya mwaka wa kwanza, ukumbi wa watu mia tatu, mitihani ya kusahihisha inajaa buti ya gari. Kozi yake mwenyewe ataifundisha muhula mmoja kwa wanafunzi ishirini na tano, kumi wamekuja kwa sababu ratiba iliwaruhusu.

Utafiti ndio utamu wake na ndio adhabu yake. Nyaraka za Taifa ziko Dar, Upanga. Unaandika namba ya faili, unaletewa, unakaa nalo kutwa na penseli yako. Za Wajerumani ziko hapohapo, UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997, lakini zimeandikwa kwa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo anakunja uso. Ukitaka kwenda kijijini, barua inatoka chuo, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inashuka kwa mtendaji, na mtendaji kaenda msibani. Unasubiri. Ukishakaa na bibi saa moja, kuandika maneno ya saa ile moja kutoka kwenye rekodi kunakula siku nzima, hasa kama bibi anachanganya Kimakonde na Kiswahili na kikohozi.

Kwa hiyo mjomba, huyo binti anayerekodi bila kutumwa wala kulipwa na yeyote, kazi keshaianza.

Ligula B

Umeeleza mshahara. Hujajibu kuhusu ajenda.

Chaki na Vumbi

Najibu.

Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, unamjua. Sasa jiulize kwa nini TANU, chama cha makarani na walimu waliosoma Tabora na Makerere, kilipata wanawake wengi kwa kasi ile baada ya 1955. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa Mwalimu Nyerere alihutubia, watu wakaelewa. Mwanahistoria mmoja Mmarekani, Susan Geiger, alikuja miaka ya 1980 akakaa na Bibi Titi na wanawake wengine wa TANU, akawauliza maisha yao tangu utoto. Kitabu kikatoka 1997. Alichokikuta ni ngoma. Wanawake wa Dar walikuwa tayari wana vikundi vyao vya ngoma, vina viongozi, vina michango, vina wanachama wa makabila tofauti wanaoongea Kiswahili. Bibi Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kimoja kinaitwa Bomba. TANU ilipofika kwao ilikuta barabara imeshalimwa. Wasomi hawakuwafundisha akina mama utaifa, walikuta wanao.

Hiyo ndiyo historia ya jinsia mkuu. Ushahidi ulikuwepo miaka yote. Waliokuwa wanauliza walikuwa hawaendi kwenye ngoma.

Na neno lenyewe, jinsi ni ulivyozaliwa, jinsia ni vile jamii inavyokupangia kwa sababu ulizaliwa hivyo. Mwaka 1986 Joan Scott, Mmarekani pia, aliandika makala iliyobadilisha fani yote kwa hoja kwamba huwezi kuelewa hata siasa na vita kama hutazami mpangilio huo. Wazungu wameandika, kweli. Lakini mpangilio wenyewe upo huku. Unafikiri jando ni la nani? Kumpeleka mtoto wa kiume porini mkamfundisha kuwa mwanaume, hiyo ni jinsia tupu. Mwanahistoria wa jinsia anakuchunguza na wewe.

Ligula B

Hapo kwenye jando umenigusa. Endelea.

Binti wa Pwani

Samahani kaka zangu, naingia kidogo. Mimi ni wa Mikindani.

Huyo mpwa aambiwe kuna maswali ya kuuliza taratibu. Pwani yetu hii, Kilwa, Lindi, Mikindani, imeuza watu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, yaani bibi yake bibi yangu aliuona. Na wengi waliobaki majumbani walikuwa wanawake. Sasa ukienda nyumba ya mtu ukauliza "bibi mzaa bibi alitoka wapi?", unaweza kuona unauliza historia kumbe unawavua watu nguo. Kuna nyumba mbili tatu mtaani kwetu jibu ni "alitoka bara," kisha unaletewa chai, na chai ikija hivyo maana yake mazungumzo yamekwisha.

Alikuja mtafiti zamani kidogo, kijana, alimsukuma bibi yangu mpaka akalia. Sikupenda. Na kile alichoandika hatujakiona hadi leo.

Sisemi asiulize. Nasema ajifunze kusoma chai.

Chaki na Vumbi

Dada Binti wa Pwani, hayo uliyoandika naomba ruhusa niwasomee wanafunzi wangu Jumatatu.

Binti wa Pwani

Wasomee. Usitaje mtaa.

Kangomba Mstaafu

Uzi umekuwa mzito ghafla. Mleta uzi uko wapi? Tuambie ya mikorosho, ndiyo tuliyobakia nayo hapa.

Mkorosho Mkongwe

Nipo wakuu, nilikuwa nasoma.

Haya. Hapa hakuna anayenijua, nasema.

Mikorosho ile haikupandwa na baba. Sisi wote tunaiita shamba la mzee, na mzee alikufa ikiitwa hivyo. Lakini ilipopandwa, mwishoni mwa miaka ya 1950, baba alikuwa manamba kwenye mkonge huko Lindi. Mama alikuwa ameolewa juzijuzi. Alipanda yeye na mama yake na dada zake kwenye ardhi ya ukoo wao. Baba alirudi ikiwa imeshaanza kuzaa, akaikuta, ikawa yake. Hakuna aliyegombana.

Miaka ya karibuni lilipokuja suala la kuandikisha wakulima ili tupate salfa ya kupulizia mikorosho, nikaandikisha mimi. Jina langu. Na nilikuwa nimeshawaambia wanangu wawili kwamba lile ni lao.

Sasa wanaojua mila zetu wameshaona tatizo. Wanangu ni wa ukoo wa mama yao. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama yangu, na kwa utaratibu wa zamani inatoka kwangu inakwenda kwa watoto wa dada. Yaani inakwenda kwa huyohuyo anayerekodi.

Hajasema kitu. Hajadai. Aliuliza tu alipanda nani.

Bwana Shamba Mstaafu

Mkorosho Mkongwe, pole, lakini usijione wa kwanza. Nimekuwa bwana shamba Newala na Masasi, hiyo kesi nimeiona chini ya kila mti.

Wazee wetu wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua walirithishana upande wa mama. Ilikwenda vizuri kwa sababu walilima mtama, muhogo, shamba likichoka wanahama. Cha kurithi kilikuwa jina na watu. Mkorosho ukaja ukaharibu hesabu, maana mkorosho hauhami. Ukiupanda leo mjukuu ataokota. Mwanaume akapiga hesabu: nipalilie miaka thelathini halafu aje achukue mtoto wa dada? Akaanza kuwaonyesha wanawe mipaka akiwa hai. Hakuna mkutano uliokaa kubadili mila. Ilibadilika kimyakimya, shamba kwa shamba, na aliyepoteza zaidi hakuwa kwenye hiyo hesabu.

Halafu ikaja 1973 na 1974, tukahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Msimu wa 1973/74 ndio nchi ilivuna korosho nyingi kuliko wakati wowote wa miaka ile, karibu tani 145,000. Kufika 1986/87 ilikuwa imebaki kama tani 16,500. Wataalamu tuliandika sababu zote, bei mbovu, ugonjwa wa ubwiriunga, mashamba kuwa mbali na vijiji vipya. Mbali, sawa. Lakini ripoti zetu hazikusema nani alikuwa anatembea hiyo mbali asubuhi na mtoto mgongoni, akapalilia, akarudi akachota maji. Nilisaini mimi mwenyewe baadhi ya hizo ripoti. Tuliandika "kaya". Kaya imepalilia, kaya imeokota.

Huyo binti angekuwepo wakati ule angeniuliza kaya ndiyo nani.

Chaki na Vumbi

Mzee shikamoo. Hiyo "kaya" ni sura nzima ya tasnifu.

Mleta uzi, mwambie mpwa amtafute Priya Lal. Ana kitabu cha 2015 kuhusu ujamaa, na utafiti wake wa vijijini aliufanya mkoa wenu huohuo wa Mtwara. Kabla ya hapo, 2010, aliandika makala inayoonyesha kwamba siasa ya ujamaa ilikuwa na sura mbili za familia kwa pamoja. Huku mwanamke ni mwanamgambo na mjenga taifa sawa na mwanaume, huku ni mama wa kukaa nyumbani na usafi wa watoto. Mtwara ilikuwa na uzito wake kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya Msumbiji, kwa hiyo kijiji kilikuwa pia ngome.

Kuna jingine la kwenu ambalo mimi linanikosesha usingizi. Mwaka 1906, Majimaji haijapoa, Mjerumani anaitwa Karl Weule aliingia Lindi akapanda mpaka Masasi na Newala na mashine ya kurekodi kwenye nta. Alinasa nyimbo, akapiga picha, akaangalia hadi sherehe za unyago, akatoa kitabu 1908. Kila anayeandika kuhusu unyago wa kusini anaanzia kwake. Lakini fikiria: mwanaume, mgeni, anasindikizwa na askari, mwaka wa vita. Akina mama waliamua kumwonyesha nini? Walimfungia nini? Inawezekana miaka mia na zaidi tunanukuu kile ambacho manyakanga, wale wakuu wa unyago, walikubali kitoke nje. Mimi siwezi kulitafiti hilo. Nikienda nitaonyeshwa ua kama Weule. Mpwa wako ataingia ndani, maana mwenyewe kachezwa unyago.

Ligula B

Mimi ni Mwanglikana wa Masasi. Askofu wetu wa zamani, Lucas, alilibatiza jando, likawa la Kikristo, linasifiwa mpaka leo, wanaume wote kwetu tumepita huko. Mke wangu nimemsomea hapa uzi huu nikamuuliza, na unyago je? Akasema, "Hayo hayakuhusu," akaongeza sauti ya redio.

Naanza kuielewa hii fani.

Kangomba Mstaafu

Hahaha redio imejibu.

Faili Jekundu

Mimi ni ofisa kumbukumbu, serikalini. Niongeze upande wa ajira maana wengi mnazungumza kama vile nje ya chuo hakuna maisha. Nafasi zipo chache lakini zipo: nyaraka, makumbusho, malikale, mashirika ya utetezi wa wanawake, vyombo vya habari. TGNP, mtandao wa jinsia, wapo tangu 1993 na wameajiri watafiti wa kila namna. Pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shuleni, na mtu wa kuandika vitabu vyenye wanawake ndani yake zaidi ya picha moja ya Bibi Titi anahitajika.

Ila asije akadanganywa kwamba shahada ya tatu inamaanisha kazi kesho. Anaweza kukaa miaka miwili akiandika ripoti za mashirika, kurasa hamsini kuhusu "uwezeshaji", hela nzuri, na utafiti wake ukilala kwenye begi. Nawajua watatu. Wawili hawakurudi tena kwenye begi.

Na ushauri wa bure: anachorekodi kwa bibi akihifadhi nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Simu inaibiwa. Bibi naye, samahani kusema, hapatikani mara ya pili.

Binti wa Pwani

Na nakala moja abaki nayo bibi. Au mjukuu mwingine pale nyumbani. Isiondoke yote.

Mkorosho Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho. Ni Jumapili, niko kijijini tangu jana.

Nimefika na sukari na sabuni kama mgeni. Jioni tumekaa watatu barazani. Nikamwambia mpwa, washa hiyo simu yako. Nikamuuliza mama mimi mwenyewe, mikorosho ya bondeni alipanda nani.

Mama akasema: "Si unajua."

Nikamwambia mtoto anataka kusikia.

Akaeleza. Kumbe mbegu walizibeba wao kwa miguu, na mwaka wa kwanza walichota maji kumwagilia, maji ambayo walikuwa wanateremka kuyafuata mpaka chini ya mteremko wa uwanda na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulikuwa haujatufikia kijijini. Alitaja mti mmoja mmoja. Huu wa shangazi fulani, huu tuliupanda siku aliyokufa fulani, huu ulichomwa ukaota tena. Mimi nimepulizia salfa miti ile miaka thelathini na sikujua hata mmoja una jina.

Kuhusu usajili sijaamua. Nimemwambia mpwa tutakaa na wanangu, tutakaa na wazee wa ukoo. Akasema, "Mjomba, mimi sikuuliza kwa ajili ya shamba." Namwamini. Lakini nimeshasikia.

Ada ya muhula wa kwanza nimemwahidi, korosho zikilipwa kwa wakati. Kangomba usicheke.

Leo asubuhi wameendelea. Mpwa akafika kwenye mambo ya unyago, mwaka gani mama alichezwa, nani alikuwa nyakanga, nyimbo zipi. Mama akazima maneno, akanigeukia na fimbo yake: "Wewe mwanaume unasubiri nini hapa?"

Nimetoka. Niko chini ya mwembe naandika hii, mlango umefungwa, na ndani wanaimba.

Ligula B

Sogea usikilize mkuu.

Mkorosho Mkongwe (mleta uzi)

Simu imebaki asilimia 6. Na mama ana masikio.